Kabla ya kuchagua VirtualBox ao VMware, uliza kwanza mgeni njo nani

Mwezi uliopita niliitwa Kadutu, hapa Bukavu, kwa depo moja ya dawa karibu na soko. Mama mwenye depo alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya zamani yenye ventilatere yake inalia kama kinu, Windows XP ya kifaransa, na nyuma ya mashini kulikuwa kamechomekwa kaufunguo ka USB kenye kamwanga ka kijani, bila hako kaufunguo programu yake ya stoki haifunguki kabisa. Aliniambia, "Mwanangu, miaka yote ya dawa zangu iko humu, hii mashini ikikufa sitajua hata nani ananidai." Nikamujibu, "Mama, mashini siku moja itakufa, lakini programu tutaihamisha, usiwe na hofu."

Kumbe kuna kijana alikuwa ameshajaribu mbele yangu. Alikuwa amenunua kompyuta ya okazyoni kule Nyawera, iko na Windows 10 Pro, akaaktive Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha sistemu ingine ndani ya Windows, ju inakuaka tayari ndani ya Windows Pro, haikuombi kumaliza mega kwa kuteleshaje kitu, na kwa kweli alifikiri vizuri. XP ikademare. Lakini suri ikawa inafungwa ndani ya dirisha mpaka ubonyeze Ctrl na Alt na mshale wa kushoto, rezo hakuna, na ule ufunguo wa USB haukuonekana hata kidogo. Alipoteza siku tatu akifikiri ufunguo umekufa. Ufunguo ulikuwa mzima. Hyper-V haipitishaka kifaa cha USB moja kwa moja mpaka ndani ya mgeni (sistemu yenye umeweka ndani, hapa ni XP), njo hivyo ilivyotengenezwa, na hakuna parametre ya kuibadilisha.

Niliona uchungu kwa yule kijana, siku tatu za mtu ni kitu, njo maana naandika hii. Watu mingi hapa Bukavu wanaanza kwa kuuliza "kati ya VirtualBox na VMware gani iko nguvu?" na mimi naona swali liko nyuma mbele. Uliza kwanza: ni sistemu gani unataka kuingiza, na iko na mahitaji gani? Ukishajua mgeni, nyumba inajichagua karibu yenyewe.

Mgeni na mwenyeji

Tuelewane maneno. Mwenyeji ni sistemu yenye iko kwenye mashini ya kweli, ile unaona ukiwasha. Mgeni ni sistemu yenye unaweka ndani, kwenye mashini pepe, sisi tunaitaka VM tu. Katikati kuna programu yenye inamudanganya mgeni kwamba iko peke yake kwenye kompyuta nzima: VirtualBox, VMware, Hyper-V, KVM na zingine.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ukisoma kwamba programu fulani "inakubali" Windows fulani, hilo neno linabeba vitu vitatu tofauti. Kuna mgeni mwenye yuko kwenye liste ya watengenezaji, wamemujaribu, wamemutengenezea draiva (programu ndogo yenye inamufundisha kutumia kifaa), ukipata shida watakusikiliza. Kuna mgeni mwenye anademare tu, anatembea, lakini hakuna mtu anakuhakikishia kitu, ekrani inaweza kubaki ndogo, saa inaweza kupotea, sauti hakuna. Na kuna mgeni mwenye hawezi kuingia hata ufanye nini, ju prosesa ni ya aina ingine ao lisansi inakataza. Yule kijana aliona XP inademare akafikiri yuko kwenye kundi la kwanza, kumbe yuko kwenye la pili.

Kuna vitu nne vya kuangalia juu ya kila mgeni: anademare kwa BIOS ya zamani ao kwa UEFI ya kisasa (programu yenye inaamsha mashini mbele ya sistemu), anajua disku ya aina gani, anajua karte ya rezo ya aina gani, na je kuna draiva za mgeni zenye zinatoka kwa ile programu. Prosesa nitaisema mbele kidogo.

Disku njo inaua watu mingi. Windows XP haina ndani yake draiva ya SATA (njia mpya ya kuunganisha disku) kwa mtindo wa AHCI, kwa hiyo ukimuwekea disku ya SATA anakuonyesha ekrani ya bluu yenye nambari 0x0000007B, na hiyo nambari inasema tu "sioni disku yangu yenye nilitoka". Muwekee IDE, njia ya zamani, anatembea. Rezo pia hivyo hivyo: XP inajua karte ya zamani ya AMD PCnet, haijui Intel PRO/1000 yenye VirtualBox inawapaka Windows mpya. Ukichagua kwenye liste "Windows XP" wakati wa kuunda VM, VirtualBox inapanga hayo yote yenyewe, IDE na PCnet. Ukichagua ovyo ovyo "Other", unajiletea kazi. Watu wanafikiri ile liste ya majina ni ya kupamba tu, hapana, ile liste njo inaamua vifaa gani mgeni atakuta ndani ya nyumba.

VirtualBox, na sababu nilimuchagulia mama

VirtualBox ilianzia kwa kampuni ya Ujerumani inaitwa Innotek, kisha ikanunuliwa na Sun mwaka 2008, na tangu 2010 iko kwa Oracle. Kwa wageni wa zamani iko na roho nzuri: Windows NT, 2000, XP, 7, Linux za aina zote, FreeBSD, hata OS/2. Draiva zake za mgeni zinaitwa Guest Additions, na kwa depo ya mama niliweka versioni 7.0 na XP ikazikubali, suri ikatoka dirishani bila shida, ekrani ikajaa. Kwa Windows 98 hapana, hakuna Guest Additions zake, inademare lakini unateseka na rangi na ekrani.

Kitu kimoja kuhusu USB, ju hapa njo kazi ya mama ilikuwa. Kwenye parametre za VM kuna sehemu ya USB, unachagua kontrolere 1.1, 2.0 ao 3.0. Mtu anaona 3.0 anafikiri kubwa njo mzuri. XP na hata Windows 7 hazina draiva ya USB 3 ndani yake, kwa hiyo ukichagua 3.0 ufunguo hautaonekana na utarudi kulaumu ufunguo. Niliweka 2.0, nikaongeza filtre yenye jina la ule ufunguo, nikazima VM nikaiwasha tena, na kale kamwanga ka kijani kakawaka. Mama alipiga makofi.

Filtre maana yake ni hivi: bila filtre, kila asubuhi ungekuwa unafungua menu na kumushika ufunguo kwa mkono ili umupe mgeni. Na filtre, VM ikidemare tu inauchukua yenyewe. Kwa mtu wa depo mwenye hataki kujua mambo ya VM, hiyo filtre njo kila kitu. Niliweka filtre ya pili kwa imprimante.

Sasa shida za VirtualBox. Tangu versioni 6.1, ya mwaka 2019, haitembei kama prosesa haina VT-x ya Intel ao AMD-V (uwezo wa prosesa wa kubeba VM), ama kama imezimwa kwenye BIOS. Ukiona kwenye liste kuna majina ya 32 bit tu, hakuna hata moja ya 64, usikimbilie kuinstale upya, ingia kwenye BIOS utafute Virtualization uiwashe. Mashini mingi za okazyoni zinafika hapa imezimwa. Sababu ya pili ya shida ni ile Hyper-V: ikiwa imewaka kwenye Windows ya mwenyeji, inakamata prosesa kwanza na VirtualBox inabaki kupita nyuma yake, utaona chini ya dirisha kapicha ka kobe wa kijani. Huyo kobe si mapambo, anakuambia VM itatembea polepole. Mara mingi ni WSL2 (Linux ndani ya Windows) ao ulinzi wa Windows njo uliiwasha bila wewe kujua. Fungua amri kama administrateri, andika:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

kisha zima na kuwasha mashini. Ukihitaji WSL2 tena, andika auto pahali pa off. Kama kobe hatoki hata hivyo, ingia kwenye Windows Security, sehemu ya Core isolation, zima Memory integrity, lakini jua kwamba umetoa ulinzi, fanya hivyo tu kwa mashini yenye unaelewa kazi yake.

Hyper-V: nzuri kwa wapya, mgumu kwa wazee

Sitaki mtu aelewe kwamba Hyper-V ni mbaya. Ilitoka na Windows Server 2008, ikaingia kwenye Windows za kawaida na Windows 8, na kwa Windows Server mpya ao Ubuntu mimi naipenda. Lakini angalia kwanza Windows yako: kama imeandikwa Famille, Hyper-V haimo, inatakiwa Professionnel ao Entreprise. Laptopu mingi zenye zinauzwa hapa na klaviye ya AZERTY ziko Famille, usimwahidi mteja kitu mbele ya kuangalia.

Unapounda VM inakuuliza Generation 1 ao Generation 2, na hapa hakuna kurudi nyuma kirahisi, ukishachagua umechagua. Generation 1 iko na BIOS ya zamani na inademare kwa IDE, ni ya wageni wa 32 bit na Windows 7 na XP. Generation 2 iko na UEFI, inademare kwa SCSI, na inataka Windows ya 64 bit kuanzia Windows 8 ao Server 2012, ama Linux ya kisasa. Ukiweka Linux kwenye Generation 2 na ikakataa kudemare, angalia Secure Boot, ulinzi wenye unakubali tu sistemu zenye sahihi: kwa kawaida imewekwa kwa ajili ya Windows tu, badilisha mfano uchague ile yenye jina Microsoft UEFI Certificate Authority, Ubuntu na wenzake watapita. Draiva za Linux kwa Hyper-V ziko tayari ndani ya kernel (kiini cha Linux) yenyewe, haziombi kitu, na FreeBSD pia kuanzia 10 iko nazo.

Kwa XP, Microsoft walishaondoa zile draiva za mgeni kwenye Windows 10. Rezo bado inawezekana, unaongeza karte yenye inaitwa Legacy Network Adapter, XP ya 32 bit inaijua. Lakini USB ya ufunguo, nimeshasema.

VMware

VMware njo mzee wa hii kazi kwenye kompyuta za kawaida, Workstation yao ilitoka 1999. Mwisho wa 2023 Broadcom walinunua kampuni, na kwa muda watu walichanganyikiwa na bei, lakini tangu Novemba 2024 Workstation Pro na Fusion ni bure kwa kila mtu hata kwa kazi ya biashara, unafungua tu konti kwao uteleshaje. Kwa wageni wa zamani iko imara sana, USB inapita, picha inatembea vizuri kuliko VirtualBox kwa macho yangu.

Kitu nataka ujue ni vile wao wanapanga wageni. Hawaachi tu mtu siku moja. Kuna wenye wanakubaliwa kabisa, kuna wa zamani wenye wanavumiliwa, kuna wenye wameshatangaziwa kwamba wataondolewa, na kuna wenye wameondolewa. Mgeni wa zamani anabaki na draiva za siku zake: VMware Tools ya mwisho kwa Windows 2000, XP na Server 2003 ni 10.0.12, haitaongezwa kitu tena. Kwa hiyo ukiona Tools inakuambia hii Windows haikubaliwi, usiseme VMware imekataa XP, tafuta ile ISO (faili ya CD nzima) yenye jina winPreVista, na kwa Windows 95 na 98 kuna winPre2k. Linux haihitaji hata hiyo, open-vm-tools iko tayari kwenye paketi za Ubuntu, Debian na wengine.

Ningeweza kuweka VMware kwa mama bila shida. Nilichagua VirtualBox ju faili yake ya kuinstale nilikuwa nayo kwenye flashi, siku ile koneksyoni ilikuwa inakwenda kama mgonjwa.

KVM na Proxmox, na Windows yenye haioni disku

Kama uko na mashini ya kuacha ikiwaka siku zote, kwa shule ao kituo cha afya ao ofisi yenye watu kumi, mimi nitakusukuma upande wa Linux na KVM. KVM iliingia kwenye kernel ya Linux 2.6.20 mwaka 2007, kwa hiyo si kitu cha kuongeza, iko ndani. Proxmox inakupa KVM na ukurasa wa kubonyeza kwenye navigateri, unaweka VM ukiwa umekaa pahali pengine kwenye rezo.

Hapa wageni wa Linux njo wanafurahi kupita wote. KVM iko na vifaa vyake inaita virtio, disku ya virtio na karte ya rezo ya virtio, zinakimbia sana, na kila Linux ya kisasa inazijua tangu kuzaliwa. Windows haizijui. Hata Windows 11 haizijui. Kwa hiyo hivi njo itakupata, nimeona kwa watu mingi: unaingiza ISO ya Windows, unachagua lugha, unafika pahali pa kuchagua disku, na liste iko tupu. Mtu anafikiri disku imeharibika. Hapana.

Fanya hivi. Teleshaje ISO inaitwa virtio-win, uiweke kama CD ya pili kwenye VM. Ukifika kwenye liste tupu bonyeza "Charger un pilote", tafuta kwenye ile CD dosye ya vioscsi kama disku umeiweka kwenye VirtIO SCSI, ao viostor kama umeiweka VirtIO Block, ndani yake chagua w10 ao w11, kisha amd64. Disku itatokea pale pale. Kisha kabla ya kuendelea rudi uchague NetKVM kwa ajili ya rezo, ju Windows 11 itakuomba intaneti katikati ya kuinstale na utabaki umekwama. Ukimaliza, kwenye ile CD kuna faili ya virtio-win-guest-tools, iendeshe, inaweka zingine zote.

Kama Windows iko tayari na unaileta kutoka VMware ao VirtualBox, usibadilishe disku kwa virtio mara moja, utapata ile ekrani ya bluu. Iache kwanza kwa SATA (XP kwa IDE), ongeza disku ya pili ndogo ya giga moja ya virtio, washa Windows, weka draiva, aione ile ndogo, kisha zima. Sasa badilisha disku kubwa iwe virtio na utoe ndogo. Windows ikishajua ile draiva haitaogopa tena. Kubadilisha faili ya disku yenyewe ni amri moja:

qemu-img convert -p -f vdi -O qcow2 stoki.vdi stoki.qcow2

Kwa VMware pahali pa vdi andika vmdk, kwa Hyper-V vhdx. Ile -p inakuonyesha imefika wapi, ju na disku za okazyoni inaweza kuchukua saa nzima na usipoona kitu kinatembea utaogopa na kukata.

Sasa prosesa. Linux za familia ya Red Hat 9, maana yake Rocky 9, AlmaLinux 9, zinataka prosesa ya kiwango cha x86-64-v2 (v2, v3 ni madaraja ya uwezo wa prosesa). Mashini yako inaweza kuwa nayo vizuri kabisa, lakini Proxmox za zamani zinamwonyesha mgeni prosesa ya kuigiza inaitwa kvm64 yenye haifiki hapo, mgeni anademare nusu dakika na kuanguka na kernel panic. Ingia kwenye parametre za prosesa, badilisha kvm64 uweke host, mgeni ataona prosesa ya kweli, shida imekwisha. Kuanzia Proxmox 8 wamebadilisha wenyewe. Lakini Red Hat 10 na Rocky 10 zinataka v3, yenye inaomba AVX2, na Core i5 ya kizazi cha tatu, zile zimejaa madukani hapa, haina AVX2. Hapo hakuna VirtualBox wala VMware wala nani atakusaidia, ju mgeni anatumia prosesa ya mwenyeji. Chukua AlmaLinux 10 ya v2, wao wameiacha kwa ajili ya mashini kama zetu, ao baki kwa Debian.

Windows 11

Windows 11 inataka UEFI, Secure Boot, TPM 2.0 (chipu ya usalama), rami giga 4 na disku giga 64. Kwenye VirtualBox lazima iwe 7.0 ao zaidi, ya 6 haina TPM. Kwenye VMware ukiongeza TPM inakuomba neno la siri la kufunga VM, liandike kwenye karatasi uweke pahali, ukilipoteza hautafungua tena. Hyper-V: Generation 2 na uweke alama kwa TPM. Proxmox: ongeza EFI disk na TPM state wakati wa kuunda. Basi.

Mac

Kama Mac yako ni M1 ao mpya zaidi, prosesa ni ARM, si ya aina ya Intel na AMD. Parallels, VMware Fusion, UTM, na VirtualBox kuanzia 7.1, zote hapo zinakubali wageni wa ARM tu kwa mwendo wa kweli: Linux ya ARM, na kwa Parallels ao Fusion hata Windows 11 ya ARM. XP ya mama haitaingia hapo isipokuwa kwa kuigiza prosesa nzima na QEMU ndani ya UTM, inawezekana lakini ni polepole sana kwa kazi ya kila siku. Na upande mwingine, kuweka macOS kama mgeni kwenye PC ya kawaida lisansi ya Apple inakataza, wanaruhusu kwenye mashini ya Apple tu, nakala mbili zaidi. Wateja wananiulizaka hiyo kila mara, na mimi nakataa.

Vitu vidogo vyenye vinachelewesha kazi hapa kwetu

Klaviye. Laptopu ni AZERTY, lakini mgeni wakati wa kuinstale mara mingi anafikiri ni QWERTY. Unaandika neno la siri "amani", kwake linaingia "q;qni", kisha baadaye klaviye inarekebishwa na neno la siri "halikubali". Chagua French mbele ya kuandika neno la siri lolote, ao tumia neno la siri la muda bila a, q, w, z, m wala nambari.

Kuren. Kuren ikikatika VM ikiwa katikati ya kuandika, disku ya mgeni inaweza kuharibika sawa na ya mashini ya kweli. Kama hauna onduleri, fanya kazi kwenye laptopu yenye betri nzima. Na snapshoti haikuokoi hapo, ju inakaa kwenye disku ile ile. Snapshoti ni ya kurudi nyuma ukiharibu parametre, nakala ni faili yenye iko kwenye disku ingine, ndani ya sanduku lingine.

Mega. Kabla ya kuteleshaje ISO ya giga 5 usiku kucha, uliza marafiki, mtu yuko nayo. Lakini angalia hash yake (alama ya faili yenye inabadilika faili ikiguswa) na ile yenye imeandikwa kwa watengenezaji (kwenye Windows: certutil -hashfile jina.iso SHA256), ISO za kupitishana mkono kwa mkono zinabebaka mambo.

Vile tulimaliza kwa mama

Kabla ya kutoa disku ya zamani, kwenye ile XP niliweka draiva za IDE za kawaida kwa MergeIDE, ni kafaili kadogo ka registre kenye kanamwambia XP akubali kontrolere yoyote ya IDE, bila hiyo angeamka kwenye nyumba mpya akatoa 0x7B. Nikatoa disku, nikaichomeka kwa adaptere ya USB kwenye laptopu yangu ya Linux, nikaichukua nzima kwa dd (amri ya Linux ya kukopi disku) kuwa faili, nikaigeuza VDI. Kwenye mashini yake mpya nikazima Hyper-V, nikaweka VirtualBox, VM ya XP, prosesa moja, rami giga moja, disku IDE, USB 2.0 na filtre mbili. XP iliomba kuaktive tena ju imeona vifaa vimebadilika, mama alikuwa bado na karatasi yenye namba ya lisansi imebandikwa ubavuni mwa kompyuta ya zamani, aksanti Mungu.

Rezo ya mgeni niliikata kabisa. XP haipati tena mizajuru ya kawaida tangu tarehe 8 Aprili 2014, na stoki ya dawa haihitaji intaneti, inahitaji kuhesabu. Kama anataka kutoa faktire kwenda kwa simu, kuna dosye ya pamoja kati ya mgeni na mwenyeji, anaweka PDF pale.

Nilimuwekea ikoni moja tu kwenye ekrani, jina "STOKI", akiibonyeza VM inademare na kujaa ekrani nzima, haoni tofauti na zamani isipokuwa kelele imeisha. Kila jumamosi jioni, akishafunga mlango, binti yake anazima VM, anakopi dosye nzima ya VM kwenye disku ya nje, na ile disku inaenda nyumbani, haibaki depo. Wiki iliyopita nilipita kuangalia, nikaijaribu ile nakala kwenye laptopu yangu pale pale mezani, ikafunguka, tukachomeka ufunguo, kamwanga kakawaka, tukatafuta dawa moja ya zamani kwenye stoki tukaikuta.